Hazijaonekana

Ukimuuliza yule mama wa maabara kama sukari imeisha, usitegemee jibu la ndiyo au hapana. Atafungua kabati, atasogeza kopo la majani ya chai, atachungulia nyuma ya vikombe, kisha atakwambia, "Haijaonekana." Mkuu wa maabara ameshaingia? "Hajaonekana." Wenzake walicheka mpaka wakazoea, wakambandika jina la Mama Haijaonekana, naye akaitika bila kununa. Kuna majina mabaya kuliko hayo, na pale hospitalini yote yana wenyewe.

Kazi yake ilikuwa kusoma seli kwa hadubini. Watu hudhani ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kutazama tu. Haya, kajaribuni. Mletewe kioo chembamba chenye urefu wa kidole, kimepakwa uteute wa damu na nyongo, halafu mwambiwe mtafute humo seli kumi zilizopotoka katikati ya maelfu yaliyo mema, na mwenye nyongo yake yuko nje kwenye benchi anasubiri. Mgongo unauma, macho yanawaka, chai inapoa.

Alikuwa na sheria moja iliyowakera madaktari. Karatasi ikitoka mezani kwake ilikuwa na jibu moja kati ya matatu. Seli za saratani zipo. Au hazijaonekana, na kioo kilikuwa na seli za kutosha. Au kioo hakitoshi, leteni kingine. Neno "hakuna" alikuwa amelipiga marufuku. Mfanyakazi mmoja mgeni aliliandika kwa kupitiwa. Aliitwa pembeni, na aliporudi alikuwa amenywea, hakusema na mtu mpaka saa ya kutoka.

Walidhani ni ukaidi wa mtu aliyekaa kazini muda mrefu. Laiti wangejua. Neno hilo alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, miaka minne nyuma, kwenye karatasi ya mume wake.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti nzito isiyopanda hata mwanafunzi akiwa anaelekea mtaroni. "Breki, mwanangu. Ile ya katikati." Alisema hivyo kama mtu anayeomba apewe chumvi. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa mama huyu kwao, wala si sura. Sura, Mungu amrehemu, ilikuwa ya kawaida.

Macho yalipogeuka njano akaanza kujikuna mpaka ngozi inatoka, alipelekwa chumba cha kamera. Daktari wa wakati ule alimpitishia mpira wenye kamera mdomoni mpaka kwenye mrija wa nyongo, akaona mahali pamebana, akakwangua kwa brashi mara mbili tatu, akapaka kwenye kioo, akamwita mgonjwa mwingine. Kioo kilikaa dirishani kikakauka. Kilipofika maabara mchana kilikuwa na seli za kuhesabu.

Hakupaswa kukisoma yeye. Lakini mwenzake alikuwa likizo, na kusema kweli hakutaka mtu mwingine akiguse. Akakisoma. Pembeni kabisa palikuwa na kikundi cha seli tisa zilizosongamana, hakuzipenda. Akaziangalia. Akaenda kunywa maji. Akarudi akaziangalia tena, safari hii kwa macho ya mke, na macho ya mke yakamwambia ni uvimbe wa kawaida, mrija umekasirika tu. Akaandika: "Hakuna saratani." Daktari wa kusaini akasaini, maana alimwamini. Mume aliposomewa alimkumbatia mkewe palepale koridoni mbele za watu, akasema kesho anarudi kazini. Furaha hiyo waliila miezi mitano. Alipokuja kupasuliwa, walitazama ndani, wakakuta imeshaenea, wakamshona bila kugusa kitu.

Hakumwambia mtu. Mama mkwe hakuambiwa, watoto hawakuambiwa. Alizika mume, akakaa na siri yake, akarudi kazini.

Kilichobaki cha ile sauti kilikuwa kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, fundi makufuli, mfupi, mnene, mwenye kipara kinachong'aa. Ukiwaweka pamoja hungesema ni ndugu. Lakini akifungua mdomo, ni kaka yake mtupu. Fumba macho, na mtu wako amerudi nyumbani, anauliza viatu vyake viko wapi.

Basi mama huyu, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, alikuwa na ujanja wake. Jumapili, upweke ukimzidi, hunyanyua simu. "Shemeji, kufuli la stoo limekwama tena." Naye hufunga kibanda chake, akaja. Hulitia mafuta, hulifunga, hulifungua, hulifunga. "Shemeji, hili kufuli lako lina maringo," husema. "Halitaki mwingine, linanitaka mimi." Mama huketi kwenye kigoda, amefumba macho, amejishika kichwa kama anayeumwa, anasikiliza. Alimkumbuka mumewe kwa mwili mzima, mpaka vidole vikamuuma. Ndani ya miaka minne kufuli lile lilitengenezwa mara kumi na saba, na halikuwahi kuharibika hata siku moja. Shemeji alijua. Fundi gani asiyejua kufuli zima? Lakini alikuwa na adabu zake, hakuuliza.

Mara ya kumi na saba, mama alifumbua macho kabla ya wakati. Shemeji alikuwa ameinama mlangoni, jua la asubuhi limempiga usoni, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka njano.

"Shemeji, hebu geuka huku."

"Nimefanya nini?"

"Mkojo wako ukoje?"

Shemeji akashusha bisibisi taratibu. "Hilo ni swali la kumuuliza mtu akiwa kazini?"

"Ukoje?"

"Kama chai ya rangi," akasema. "Iliyokolea."

Siku ya nne alikuwa ameshapigwa picha zote. Mrija wa nyongo ulikuwa umebana mahali pamoja, ini safi, kwingine kote safi. Mpasuaji, mtu asiyependa maneno mengi, alisema mbele ya mama na mbele ya shemeji: "Kama ni saratani, nipeni wiki hii, bado inakatika yote. Kama siyo, siwezi kumkata mtu nusu ya ini kwa kubahatisha. Watu wengine hawaamki kwenye kitanda changu. Nileteeni uhakika."

Uhakika ulikuwa kazi ya chumba cha kamera, na chumba hicho siku hizi kilikuwa cha daktari mwingine, kijana kidogo, ambaye manesi walimwita Fundi Bomba. Yeye alidhani wanamsifia. Kweli walikuwa wanamsifia, lakini ni kwa sababu ya mabomba pia.

Na huyu naye walishavutana sana na mama. Alipoingia tu kazini, mama alimfuata akamwambia anataka kuhamishia hadubini mle chumbani, kando ya kitanda. Brashi ikitoka, asome hapohapo mgonjwa akiwa bado amelala. Kama seli hazitoshi aseme hazitoshi, na daktari arudie. Kichwa cha brashi kikatwe chote kitumbukizwe kwenye chupa ya dawa, kisipakwe na kutupwa. Na brashi ikishindwa, daktari achukue koleo dogo akanyofoe kinofu.

"Mama, hiki ni chumba cha kamera," Fundi Bomba alijibu. "Siyo sokoni, tuanze kupatana."

Mama hakubishana. Alirudi maabara, akakaa wiki mbili na daftari kubwa la majibu, akawatafuta wagonjwa wote ambao mwishowe ilithibitika wana saratani ya mrija wa nyongo. Akarudi. "Kati ya kila kumi," akasema, "brashi yetu iliwaona wanne."

"Na wale sita tuliwaambia nini?"

"Tuliwaambia waende nyumbani."

Kesho yake Fundi Bomba alisukuma mwenyewe ile meza ya hadubini, magurudumu yanalia koridoni, akaiweka kando ya kitanda. Tangu hapo walikuwa wakifanya kazi pamoja, wakigombana kila siku na kupikiana chai kila siku.

"Daktari," mama alimwambia asubuhi ile, kabla mgonjwa hajaingizwa, "huyu ni shemeji yangu."

"Nimesikia. Unataka nimwite nani akusomee?"

Hapakuwa na wa kumwita. Mwenzake alishaacha kazi, na daktari wa kusaini huja Alhamisi tu. "Atavipitia vioo vyako vyote Alhamisi," Fundi Bomba akasema. "Mimi leo nahitaji mtu wa kunitukana nikikwangua vibaya."

Shemeji aliingizwa akiwa amevaa gauni la hospitali lililomwishia magotini. Aliangalia mitambo, akaangalia waya mrefu mwembamba mkononi mwa daktari.

"Kwa hiyo unaingiza waya kwenye tundu ambalo hulioni, unachokonoa mpaka pafunguke?"

"Ndivyo," Fundi Bomba akasema.

"Karibu kwenye fani."

Nesi alicheka mpaka sindano ikamtetemeka. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya hadubini yake, mgongo kwa kitanda, na ile sauti ilikuwa inamjia kutoka nyuma, karibu kabisa, na kwa dakika nzima alijiachia akawa mke wa mtu. Kisha dawa ya usingizi ikaingia, sauti ikakatika katikati ya neno.

Kioo cha kwanza kilikuwa damu na nyongo tupu.

"Haitoshi," mama akasema.

Fundi Bomba akarudisha brashi, akakwangua, akahesabu kwa sauti mpaka ishirini. Mama akapaka, akatia rangi, akasubiri, akainama. Kioo cha pili kilijaa. Seli nyingi, nzuri, zimepangana kama vigae vilivyowekwa na fundi mwenye heshima zake. Akakipitia kote, mstari kwa mstari, hakuona hata moja iliyopinda.

Na hapo ndipo sheria yake mwenyewe ilipomsaliti. Kwa sababu jibu lilikuwepo, halali, la kweli, neno kwa neno: hazijaonekana, na kioo kilikuwa na seli za kutosha. Angeweza kuliandika na kusaini, na hakuna mtu duniani angemwambia umedanganya. Mpasuaji asingemgusa. Shemeji angerudi kwenye kibanda chake, Jumapili angekuja na chupa yake ya mafuta. Labda Jumapili ishirini. Labda na zaidi, nani ajuaye, labda kweli hamna kitu mle. Na akipelekwa kwa mpasuaji anaweza asiamke, na Jumapili ikaja kimya.

Tusidanganyane: aliitaka ile Jumapili. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu azike.

"Mama?" Fundi Bomba aliita. "Imetosha?"

"Mapigo ya moyo yako sawa," nesi akasema, "lakini tunakaribia saa nzima."

"Mama, nikizidi kuchokonoa kongosho litavimba, atalia wiki nzima. Imetosha au haijatosha?"

Mama aliinua kichwa, akatazama kwenye runinga picha ya mrija. Akaona mahali palipobana, pembamba kama uzi, na akaona brashi ilipokuwa imepita. Ilikwangua chini kidogo ya pale. Zile seli nzuri zilikuwa za jirani.

Angenyamaza, hakuna mwingine ambaye angeliona hilo.

"Hukufika," akasema. "Ulikwangua mlangoni. Panda juu kidogo. Na uache brashi, chukua koleo."

Fundi Bomba alitazama runinga muda mrefu, akatukana chinichini, akajitukana mwenyewe. "Koleo," akamwambia nesi.

Kinofu kilichotoka hakikuzidi punje ya mchele iliyovunjika. Mama alikigusisha kioo mara tatu, akakitumbukiza kwenye chupa, akatia rangi. Alipoinama hakuhitaji kutafuta. Zilikuwa kila mahali, kubwa, zimerundikana moja juu ya nyingine, viini vyeusi vimevimba, kama watu wanaosukumana kwenye mlango mmoja. Alizitambua. Alikuwa amekutana na ndugu zao tisa.

"Zipo," akasema.

Fundi Bomba alikuja akainama kwenye hadubini, akatazama, akamgusa bega. Kisha akarudi kumwekea mgonjwa kijibomba cha kupitishia nyongo, ili apate nafuu mpaka siku ya kupasuliwa.

Saa sita mchana shemeji alikuwa kwenye chumba cha kuamkia, kitanda cha dirishani, dripu inadondoka. Koo lilikuwa linamuuma kwa ule mpira. Mama alivuta kiti akakaa.

"Nimeambiwa wewe ndiye mwenye jibu," shemeji akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ina mikwaruzo.

"Zipo, shemeji. Ni saratani. Bado ni ndogo na haijatoka hapo ilipo. Wanataka kukupasua wiki hii."

Shemeji aliitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kuitikia muda mrefu, kama anayezungumza na mtu mwingine. Nje ya dirisha wafuaji wa hospitali walikuwa wanaanika mashuka. Akayatazama mpaka yakaisha kwenye kapu.

"Na kaka," akasema. "Kaka naye zilikuwepo toka mwanzo?"

Jibu la kumpoza lilikuwepo, na mama alilijua. Vioo vya zamani, brashi mbaya, mambo ya kitaalamu. Yote yalikuwa kweli.

"Zilikuwepo. Kioo chake nilikisoma mimi. Nikaandika hakuna."

"Hukuziona?"

"Niliziona," mama akasema. "Sikuzitaka."

Alingoja afukuzwe. Alikuwa amejiandaa kwa hilo kwa miaka minne, alijua hata atakavyosimama, atakavyorudisha kiti ukutani. Shemeji aliangalia dari. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, na hakuyafuta.

"Siku ile alinipigia simu," akasema. "Anacheka. Akaniambia nimwandalie kufuli jipya la gari la kufundishia, yeye bado yupo sana."

"Najua. Nilikuwa pembeni yake."

"Umeshamwomba msamaha?"

"Nani?"

"Kaka."

"Nitamwombea wapi, shemeji? Nimeenda kaburini mara ngapi. Nafika pale, nang'oa majani, nanyamaza, narudi."

Dripu ilidondoka. Nesi alipita, akaangalia chupa, akaondoka.

"Unadhani sijui kwa nini huwa unaniita nyumbani kwako?" shemeji akasema. Alikuwa bado ameelekeza macho juu. "Unadhani sijui unamsikiliza nani?"

Mama alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Basi niombe mimi."

Mama alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Akafumba macho.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Nilikutaka mno."

Alisikia shuka likisogea, akasikia pumzi, na kisha ile sauti, polepole, nzito, imechoka.

"Haya. Nimesikia. Sasa inuka, kaniitie huyo mpasuaji."